Bi Harusi wa Bwawa la Nne

"Rudia," Eulalia Masinga alisema.

Msomaji, mashine iliyokaa kwenye kona ya maabara kama kabati la chuma, alivumisha feni zake na kuanza upya. Eulalia alisubiri amesimama, mikono mfukoni mwa koti jeupe. Alikuwa mwainishaji mkuu wa kiwanda cha Marudio, na mashine hiyo alikuwa ameiamini muda mrefu. Hata hivyo alimwamini zaidi bakteria aliyeoteshwa akaota.

Namba ikarudi kwenye kioo. Tisini na saba nukta nane, sawa na mara iliyopita.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa Mama Kihwele, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wa Chinyoya, na furushi kwapani.

"Hodi nimepiga moyoni," alisema.

"Karibu, mwenyekiti. Usiguse meza."

"Niguse ya nini? Meza yenyewe imebeba vyoo vya mji mzima. Shika hii." Alimtupia furushi. "Ya kwako nimechagua yenye rangi ya machungwa, maana nyinyi Wagogo bila rangi kali hamwonekani kwenye vumbi."

"Na nyinyi Wahehe bila baridi hamkumbuki kuvaa nguo."

Mama Kihwele alicheka mpaka akashika mlango. Eulalia alifungua furushi. Ilikuwa doti ya kanga mpya, bado inanukia dukani, na katikati yake maandishi yalisema: BI HARUSI WA BWAWA LA NNE, KARIBU CHINYOYA.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Dodoma ya miaka ile. Tangu mvua zilipokata tamaa na uwanda ule, kila mtaa ulikuwa na bwawa lake la tope pale Marudio. Maji yaliyotoka vyooni na majikoni yaliingia kwenye bwawa, bakteria wakayala machafu yake, kisha yakapita kwenye machujio na chini ya taa ya kuua vijidudu, yakarudi bombani kwa watu walewale. Hapo mwanzo watu waliona kinyaa. Baadaye waliona fahari. Bakteria wa mabwawani wakawa kama mifugo ya mtaa: walipewa majina ya utani, walisifiwa kwenye harusi, na mgeni alipopatikana, mtaa ulifanya sherehe ya kumpa jina. Jina la kisayansi lilibeba jina la mtaa, na mtaa ukajulikana duniani.

Bwawa la nne lilikuwa halijawahi kupata mgeni. Machujio yake, yaliyosukwa kwa maganda ya panzi wa kufugwa, yaliziba kila mara, na Chinyoya ilipata maji mara mbili kwa wiki. Kisha mwaka huu machujio yakafunguka yenyewe. Maji yakatoka kila siku. Katika tope Eulalia akamkuta bakteria aliyekuwa akitafuna vumbi la maganda lililoziba matundu. Chinyoya ikamwita Bi Harusi kabla maabara haijamwita chochote.

"Jumamosi uvae," Mama Kihwele alisema. "Utakaa meza kuu."

"Sijamaliza kazi, mwenyekiti."

"Namba si ilishatoka?"

"Ilitoka."

"Basi umalizie nini tena? Wataalamu bwana, hata mtoto akizaliwa mnataka kumrudisha tumboni mkahakikishe." Alikuwa ameshafika koridoni. "Jumamosi!"

Eulalia aliikunja kanga, akaiweka juu ya kabati, akarudi kwenye kioo.

Kuainisha bakteria si kazi ya macho. Wawili wanaweza kufanana kama punje za mchele, kumbe undugu wao ni mbali kama mbuzi na kuku. Kwa hiyo Msomaji huvunja chembe zao, akasoma vinasaba herufi kwa herufi, akavilinganisha na vinasaba vya kila bakteria aliyewahi kupewa jina. Anayefanana na mmoja wao kwa asilimia tisini na tano au zaidi huhesabiwa kuwa ndiye yeye. Chini ya hapo ni mgeni, na anastahili jina jipya. Mstari huo haukushushwa kutoka mbinguni. Wataalamu wa zamani waliuchora mahali walipoona unafaa, na dunia ikaukubali kama ilivyokubali mita na kilo.

Mara ya kwanza Bi Harusi alipata tisini na nne nukta sita. Mgeni, bila ubishi. Lakini Eulalia alikuwa ameiinua sahani ya kuoteshea dirishani, jua likapita upande, akaona mng'ao wa aina mbili pale palipotakiwa kuwa na mmoja. Zamani bakteria alipandwa kwenye sahani mpya mara tatu mfululizo, kila mara akichukuliwa kutoka kwenye kidoa kimoja, mpaka abaki peke yake. Tangu Msomaji aletwe, maabara ilipanda mara moja tu, kwa kuwa mashine ilisifiwa kwa kutenganisha yenyewe. Safari hii haikutenganisha. Ilichukua bakteria wawili, ikawashona wakawa kiumbe mmoja asiyekuwepo duniani, kisha ikatangaza kwamba haifahamu sura yake.

Eulalia alipanda mara tatu kwa mkono wake. Yule wa pili alikuwa mkazi wa zamani wa mabwawa, asiye na habari. Aliyetafuna maganda alikuwa huyu wa tisini na saba nukta nane, na chini ya namba Msomaji alikuwa ameandika jina la ndugu yake.

Bakteria wa kipindupindu.

*

Mhandisi Kibwana Shebughe, meneja wa Marudio, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hiyo ilikuwa dalili mbaya, kwa sababu alizoea kukatiza.

"Namba ya kwanza ndiyo iliyosajiliwa," alisema.

"Namba ya kwanza ni ya viumbe wawili."

"Sheria inadai usomaji mmoja, Bi Eulalia. Umefanyika. Wa pili hukuombwa."

"Wala sikukatazwa."

Shebughe alijipangusa uso kwa kiganja. "Ana sumu?"

"Hana. Nimetafuta jeni za sumu zote, hakuna hata moja. Kwa leo ni salama kuliko maziwa."

"Sasa unaogopa nini? Mbwa hana meno."

"Mbwa haokoti meno ya jirani akayavaa. Huyu anaweza."

Alimweleza. Bakteria wa aina hii, anapokula maganda, hufungua mlango wa mwili wake na kumeza vipande vya vinasaba vinavyoelea kando yake, mabaki ya bakteria wengine waliokufa. Akikuta kinachomfaa, anakivaa na kukirithisha. Katika bwawa linalopokea vyoo vya mtaa mzima, siku moja kitapita kipande cha sumu. Atakuwa pale pale, ameketi juu ya ganda, mlango wazi.

"Baada ya bwawa kuna taa," Shebughe alisema. "Taa inaua kila kitu."

"Mwezi wa tatu ilizimika."

"Kwa muda mfupi!"

"Muda wa kujaza kila ndoo ya Chinyoya. Kama taa inatosha, mhandisi, nifukuze mimi, mshahara wangu ununulie taa ya pili."

Meneja alinyanyuka akaenda dirishani. Kutoka hapo mabwawa yote yalionekana, mapana, ya kahawia, yamezungukwa na mabomba ya mvuke yaliyopakwa rangi nyekundu. Mabomba hayo ndiyo yaliyoufanya ugomvi wao uwe mzito. Sheria ya Mabwawa iliwagawa bakteria wote mafungu matatu: watumishi, wapita njia na maadui. Mwainishaji alilitaja fungu kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya wakazi wa bwawa husika, na mitambo ikatii sauti hiyo. Mtumishi alilishwa. Mpita njia aliachwa. Adui alipotajwa, vali zilifunguka zenyewe na bwawa zima likapikwa. Katikati ya neno na mvuke hapakuwa na mkono wa mtu. Ulikuwapo zamani, katika mji mwingine, na mwenye mkono huo alisita kwa kuwaogopa wakubwa wake, watu wakafa. Tangu hapo mkono uliondolewa.

Wala halikuwapo fungu la nne, la asiye na ubaya leo; aliyeitwa kipindupindu alikuwa adui.

"Nikuulize kitu kimoja," Shebughe alisema, bado anatazama nje. "Bwawa likipikwa, tope linachukua miezi mitatu kurudi uhai. Chinyoya watakunywa nini? Maboza, mara mbili kwa wiki, kama yatafika. Mama mwenye ndoo moja, atapika au atanawisha watoto mikono? Wewe unaogopa ugonjwa wa siku moja usiyoijua. Mimi naona kuhara wiki ijayo, na watoto ninaoweza kukutajia nyumba kwa nyumba. Hilo Msomaji wako amelihesabu?"

Alichosema mtu yule kilikuwa kweli. Hakuwa mwoga wala mla rushwa. Alikuwa mhandisi aliyeona mabomba yenye maji na mabomba makavu, na aliyajua makavu yanafanya nini.

"Hajalihesabu," Eulalia alisema. "Nipe mpaka Ijumaa. Nataka kuona kama kweli anaokota, au nakutisha kwa mambo ya vitabuni."

"Na akiokota?"

"Nitamtaja kwa jina lake."

*

Eulalia mwenyewe aliishi Chinyoya, nyuma ya nyumba ya Mama Kihwele. Alipotoka kazini jioni ile alipita njia ya uani, na kwa mara ya kwanza aliitazama kama mtu anayepima.

Kamba zote zilikuwa na nguo. Sare za shule, mashuka, hata mapazia, vitu ambavyo mwaka jana vilifuliwa kwa zamu. Kwenye magunia yaliyosimamishwa ukutani mchicha ulikuwa umefika magotini. Saluni ya pembeni, iliyokuwa imefungwa kwa kukosa maji ya kuoshea nywele, ilikuwa na wateja watatu na redio. Bombani Mama Kihwele alikuwa akisugua sufuria kubwa kwa majivu, maji yakimwagika ovyo miguuni pake, na hakuna aliyemkemea.

"Mtaalamu! Mbona umenuna kama umeoga maji ya chumvi?"

"Nimechoka, mwenyekiti."

"Choka, lakini Jumamosi uchangamke. Nimealika mpaka wa mtaa wa bwawa la pili, wale waliotucheka. Waje waone kwamba na sisi tuna kitu chetu kwenye vitabu vya dunia." Aliacha kusugua. "Eulalia. Kuna neno?"

"Likiwepo, utalisikia pamoja na wote."

"Mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana utakaa mbele."

Mama Kihwele alimtazama, kisha akasukuma kikombe chini ya bomba, kikajaa, akampa. Ulikuwa ukarimu na ulikuwa pia swali. Eulalia alikipokea akanywa chote, akamrudishia. Alijua ndani yake mna nini na hamna nini. Kwa leo, maji yale yalikuwa mazuri.

*

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, na Eulalia alipenda majaribio rahisi kwa kuwa hayaachi pa kujificha. Alichukua chupa mbili. Katika zote mbili alimweka Bi Harusi, mmoja, safi, aliyepandwa mara tatu. Katika zote mbili alidondosha vipande vya jeni ya mng'ao, jeni isiyo na madhara inayomfanya mwenye nayo awake kijani chini ya taa ya zambarau. Tofauti ilikuwa moja tu. Chupa ya kwanza ilikuwa na mchuzi wa kulishia bakteria. Ya pili ilikuwa na kipande cha chujio la bwawa la nne, maganda ya panzi yaleyale.

Ijumaa alimwita Shebughe. Walikaa mbele ya kisanduku cheusi chenye tundu la kutazamia, meneja akainama akaweka jicho.

"Ya mchuzi," Eulalia alisema, akageuza kitufe.

"Giza."

"Ya maganda."

Shebughe alikaa ameinama kwa muda. Alipoinuka, alipepesa jicho kama lililoingiwa na moshi.

"Vidoa vya kijani," alisema. "Si vingi."

"Si vingi. Kipindupindu hakihitaji umati. Huanza na mmoja aliyeokota, naye huzaliana kabla chai yako haijapoa."

"Na hawezi kuacha kuokota akaendelea kutafuna?"

"Ni mlango uleule. Kinachomfanya atufungulie chujio ndicho kinachomfanya ameze. Labda siku moja nitampata wa aina yake aliyeziba mlango. Nitamtafuta. Lakini kwa kesho sinaye mkononi."

Meneja alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Kesho ugua," alisema.

"Nini?"

"Piga simu asubuhi, sema unaumwa tumbo. Sherehe itaahirishwa. Nitapata muda wa kuongea na wizara, kutafuta maboza, kuandaa watu."

"Na bwawa liendelee kuwanywesha watu."

"Kwa muda tu."

"Mhandisi, tangu niajiriwe sijawahi kuugua siku ya kazi. Nikianza kesho, hata mashine zitashangaa." Alizima taa ya kisanduku. "Wewe tumia usiku wa leo kutafuta maboza. Una simu na una cheo. Mimi nina kazi ya kusema tu."

*

Viti vilipangwa kando ya bwawa la nne, chini ya turubai. Wanawake walikuja na kanga zao za machungwa na za kijani, wanaume na fulana zenye maandishi hayohayo, na watu wa bwawa la pili walikaa nyuma wakijifanya hawaoni wivu. Mama Kihwele alikuwa mbele kabisa. Eulalia alikuja na koti lake jeupe.

Shebughe alitoa salamu fupi kuliko kawaida yake, akampisha kwenye kipaza sauti jukwaani.

"Wakazi wenzangu," Eulalia alisema, "habari za asubuhi. Sitawazungusha. Bi Harusi si mgeni. Ni bakteria wa kipindupindu."

Palikuwa na sauti ya viti vya plastiki vikisogea, basi.

Aliwaeleza, kwa maneno ambayo angeyatumia jikoni kwake. Namba ya kwanza ilikosewa kwa sababu maabara ilipanda mara moja. Alipanda mara tatu. Bakteria huyu hana sumu, ndiyo maana hakuna aliyeugua, lakini anaweza kuiokota, na jana ameokota kipande kisicho na madhara mbele ya macho ya mhandisi.

"Mhandisi, uliona?"

"Niliona," Shebughe alisema kutoka kitini pake.

Mzee Mbogoni, fundi bomba mstaafu ambaye kila mkutano aliuliza swali la kwanza, alikuwa tayari amesimama. "Leo hana sumu?"

"Leo hana, mzee."

"Basi mpe jina lingine. Jina ni jina tu. Tutakaa naye huku tunamwangalia."

"Nani atamwangalia, mzee?"

"Wewe si upo?"

"Mimi nitastaafu. Wewe na mimi tutakufa. Nikimpa jina lingine, vitabu vyote vitasema bwawa la nne halina kipindupindu. Siku atakapovaa sumu, daktari atakuja hapa anatafuta chanzo. Atasoma kilichoandikwa, ataamini, atakwenda kutafuta kisimani, sokoni, kwa mama ntilie. Huku wajukuu wako wanaendelea kuchota. Jina ninalolitoa leo ni kwa ajili ya huyo daktari. Simjui, lakini simdanganyi."

Mzee Mbogoni akakaa.

Mama Kihwele hakusimama. Alisema akiwa ameketi, na sauti yake ilifika. "Umetuacha tushone nguo. Mtaa mzima umevaa jina lake."

"Namba ya pili ilitoka mmeshashona. Uhakika nimeupata jana. Nisingewaletea wasiwasi nusu."

"Kwa hiyo Chinyoya itajulikana duniani kwa kipindupindu."

"Itajulikana kama mahali alipokutwa asiye na sumu. Wawili wa aina yake nimewagandisha wakiwa hai, mmoja atakaa hapa na mwingine nchi ya nje, kwa jina lake halisi na jina la mtaa wenu. Wenye mabwawa kama haya watatazama kama wanaye. Wako watakaomkuta kwao, na watashukuru kujua."

"Na tukikataa?"

"Hamwezi kukataa, mwenyekiti. Neno ni langu. Nimekuja kuwaeleza, sikuja kuwaomba ruhusa, ili asiwepo wa kusema mlidanganywa, wala wa kusema mlikubali."

"Na maji?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka katikati, mtoto mgongoni. Hakuuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia.

"Miezi mitatu ya shida," Eulalia alisema. "Nakaa nyuma ya mwenyekiti, nitapanga foleni pamoja nanyi. Maboza mtaelezwa na mhandisi. Karibu, mhandisi, waambie ulichopata jana usiku."

Shebughe hakuwa ameandaliwa kwa hilo. Alikuja kwenye kipaza sauti polepole, akamtupia Eulalia jicho ambalo wangekuja kulizungumza siku nyingine. Kisha alitoa simu mfukoni na kusoma: maboza kila siku, si mara mbili kwa wiki, na bomba la dharura kutoka bwawa la pili, kwa saa za asubuhi. Nyuma, watu wa bwawa la pili waligeukiana.

"Nani kasema?" mmoja wao alipaza sauti.

"Mimi nimesema," Shebughe alijibu, na safari hii alisikika kama meneja. "Machujio yenu ni maganda yaleyale ya panzi. Unadhani huyu anajua mipaka ya mitaa? Bwawa lenu linapimwa Jumatatu. Likikutwa naye, siku bwawa la nne litakaporudi Chinyoya ndio watakaowapa maji. Bado unauliza?"

Yule aliyeuliza alivuta kiti chake nyuma ya wenzake.

Eulalia alirudi kwenye kipaza sauti. Alitazama tope, tulivu, la kahawia, ambamo viumbe wengi kuliko watu wote waliopata kuishi walikuwa wakila kifungua kinywa chao. Wengi wao walikuwa watumishi wema, na alikuwa amewaainisha mwenyewe. Nao wangeiva pamoja.

"Mimi, Eulalia Masinga, mwainishaji wa Marudio, nimempanda mara tatu, nimemsoma mara mbili. Ni bakteria wa kipindupindu, asiye na sumu, wa Chinyoya. Fungu lake ni adui."

Vali zilifunguka papo hapo. Mabomba mekundu yalitikisika, mvuke ukaingia chini ya tope kwa mngurumo, na bwawa likaanza kuvimba na kupasuka mapovu. Harufu ya maharage yaliyoungulia ilisambaa. Ukungu wa moto ulipanda, ukafunika turubai, ukalowesha nyuso. Mwanamke mwenye mtoto alilia. Mwanamume mmoja alitoa tusi la nguoni, na hakuna aliyemwambia kuna watoto. Eulalia hakushuka jukwaani. Alisimama pale wamwone, yeyote aliyetaka kumtazama amtazame usoni.

Hakuna aliyeondoka. Ilichukua muda kuelewa kwa nini. Watu walikuwa wameanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, kutazama pembeni ya turubai, ambako sufuria nne kubwa zilikuwa juu ya mafiga zimefunikwa kwa sinia. Kando yake palikuwa na mabeseni ya kachumbari.

Mama Kihwele alisimama. Alitembea mpaka kwenye sufuria, akafunua moja, mvuke mwingine ukatoka, wenye mdalasini. Alitazama ndani kama mtu aliyeletewa barua ya lugha asiyoijua.

"Eulalia," aliita. Hakusema mtaalamu.

"Naam, mwenyekiti."

"Pilau hili tumelipika kwa maji yake."

"Najua. Lilichemka?"

"Tangu alfajiri linachemka."

"Liko sawa."

"Na kachumbari?" Sauti yake ilipungua. "Tumeosha kwa maji ya bomba. Haikuona moto."

Eulalia alishuka jukwaani sasa, akaja mpaka kwenye beseni. Angeweza kusema mwaga. Lingekuwa jibu jepesi, na baada ya asubuhi ile hakuna ambaye angemlaumu. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya sahani iliyoinuliwa dirishani: taa imewaka bila kukatika, alikuwa ameikagua alipoingia, tope la jana limepimwa, sumu hakuna, maji ya leo ni ya jana.

"Kuleni," alisema. "Na kachumbari. Leo ni salama. Kesho mniulize upya, na jibu la kesho nitawapa kesho."

Mama Kihwele alimtazama usoni, kwa muda ambao watu humtazama anayetaka kuoa binti yao. Kisha alifunga kanga yake vizuri kiunoni na kuchukua upawa.

"Pangeni mstari," alisema. "Chinyoya kwanza. Bwawa la pili nyuma, na msisukumane."

Mstari ukapangwa. Sahani zikaanza kugongana. Mzee Mbogoni, aliyefika wa kwanza kama kawaida yake, alipokea pilau lake, akatazama upande wa mabeseni, akasogeza sahani mbele.

"Mimi kachumbari usininyime," alisema. "Weka. Ongeza."